Kingereza cha kuombea maji: maswali mnayoniuliza kila wiki

Kila Jumamosi jioni tunakaa chini ya mwembe huku Tabata, Dar es Salaam, watu nane mpaka kumi na tano inategemea na mvua, tunapiga stori kwa Kingereza kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Hakuna ubao, hakuna daftari, na mi sio mwalimu, nilianza tu na washkaji wawili tuliochoka kukaa kimya kwenye mikutano ya kazini. Sasa maswali ni yale yale kila wiki, wengine mnaniuliza nikiwa kwenye daladala kabisa, so nimeamua kuyaandika sehemu moja.

Nimesoma Kingereza miaka kibao na mtihani nilifaulu, mbona nikiambiwa niongee nababaika?

Karibu kwenye chama. Hebu fikiria tulivyosoma wengi wetu: miaka saba ya msingi kila kitu Kiswahili, Kingereza ni somo tu kama mengine, alafu unaingia form one ghafla baiolojia kwa Kingereza, jiografia kwa Kingereza, unakopi notsi mpaka vidole vinauma, na mwalimu mwenyewe akitaka mwelewe kweli anarudi kwenye Kiswahili. Mtihani ni wa kuandika. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kukuambia usimame useme jana ulirudije nyumbani. Matokeo yake mtu anajua "photosynthesis" na "osmosis" lakini maji yakikatika hajui amwambieje jirani mgeni asiyejua Kiswahili aliyehamia juzi chumba cha pili.

Na kuna jambo la spidi. Ukisoma unaweza kurudia sentensi mara tatu, hakuna anayekusubiri. Ukiongea una sekunde moja mbili, na we ndo kwanza unatengeneza sentensi kwa Kiswahili kichwani, unaitafsiri, unakagua kama ni "has" au "have", ukija kufungua mdomo wenzako washahamia mada nyingine wanacheka. Maneno unayo. Ila hayajazoea kutoka haraka, na hicho ndo tunachokifanyia mazoezi.

Kwa nini mnaongelea foleni na maharage, si mngechukua mada za maana?

Tulijaribu mwanzoni. Niliweka mada "umuhimu wa elimu", kila mtu akamwaga insha aliyokariri form two, "education is the key of life", dakika moja kimya, hakuna aliyekuwa na cha kuongeza maana hakuna aliyekuwa anafikiri. Wiki iliyofuata nikauliza tu nani umeme wa LUKU ulimwishia usiku akiwa hana hela kwenye simu. Aisee. Watu walikatana maneno, mmoja alikuwa na samaki kwenye friji, mwingine alikwenda kuomba kwa jirani aliyemnunia, na wote walikuwa wanaongea Kingereza kibovu kibovu lakini kinatoka.

Ukiongelea kitu unachokijua kwa mwili wako, akili haihangaiki kutafuta cha kusema, inabaki na kazi moja tu ya kutafuta namna ya kukisema. Mada zilizotupa stori nyingi kuliko zote ni mwenye nyumba, michango ya harusi, Simba na Yanga, na kuumwa. Michango ya harusi hasa, jaribu kumwelezea mtu wa nje kwamba umepewa kadi ya mchango ya mtu ambaye mlionana mara ya mwisho mwaka juzi na una kundi la WhatsApp linakukumbusha kila asubuhi, utajikuta umeongea dakika kumi na bado haamini.

Nikikwama neno katikati nifanyeje? Nakatika kabisa

Usikimbilie kamusi kwenye simu, ukitoa simu tu stori imekufa. Mbona Kiswahili tunakwama kila siku na hatukatiki? Unasema "nipe hiyo nanihii, ile ya kukunia nazi". Fanya hivyo hivyo. Taja inafanya nini, ikoje, iko wapi.

Dada mmoja anauza vitenge Kariakoo alikuwa anatuelezea anavyopika wali wa nazi. Kafika kwenye mbuzi. Akasema kwa kujiamini kabisa "then I sit on the goat", akanyamaza mwenyewe, sote tukanyamaza, alafu tukacheka mpaka muuza kahawa akaja kuangalia kuna nini. Nikamwambia endelea, usiseme jina lake, sema ilivyo. Akaanza taratibu: "It is a small chair. You sit on it. In front it has iron, with teeth. You hold half of coconut and you turn, turn, turn." Kila mtu pale angekiona hicho kitu hata kama hajawahi kufika pwani. Siku ile hakujifunza neno lolote jipya ila aligundua hayuko tegemezi wa neno moja, na tangu hapo hakatiki tena, anazunguka tu.

Pia uwe na vitu vya kujazia wakati unafikiri. Kiswahili tuna "yaani", "sijui nini", "aaa". Kwa Kingereza zoea "well", "let me see", "how do I put it". Ukikaa kimya sekunde tano mwenzako anajua umemaliza, ukisema "how do I put it" anasubiri.

Kwani mnafanyaje hasa, mnakaa tu mnaongea?

Nusu ya kwanza ndio, stori huria. Nusu ya pili tunafanya zoezi moja ambalo mi naliamini kuliko yote. Unamsimulia mtu wa kwanza stori yako dakika nne. Unahamia kwa mtu wa pili, stori ile ile, dakika tatu. Unahamia kwa wa tatu, dakika mbili. Sio letu hili, mwalimu Keith Maurice alilielezea mwaka 1983 na Paul Nation, profesa wa New Zealand, akaja kulifanya lijulikane sana kwa walimu wa lugha.

Nikupe mfano. Kuna kijana wa bodaboda alisimulia abiria aliyemkimbia bila kulipa pale Buguruni. Raundi ya kwanza ilikuwa mateso, "he… he told me stop… stop at… the place… he said wait, I am… I am taking money inside", dakika nne zimeisha jamaa hata hajaingia ndani. Raundi ya pili ile "I am taking money inside" ilikuja yenyewe "he said wait, let me get the money". Hakuna aliyemsahihisha, aliisikia tu kichwani mwake kwamba ile ya kwanza haikukaa sawa. Raundi ya tatu alimaliza na sekunde zikabaki, na akaongeza kwamba ile nyumba ilikuwa na mlango wa nyuma, jambo ambalo raundi mbili za kwanza hakulisema maana nguvu zote zilikuwa zinaishia kwenye vitenzi.

Mtu akija mara ya kwanza anaona ujinga kurudia stori ile ile mara tatu. Mi naona ndo penyewe. Wasikilizaji wabadilike tu kila raundi, ukimrudia mtu yule yule atachoka na we utajisikia vibaya.

Makosa gani tunayafanya sana sisi Waswahili?

Hili swali nalipenda kwa sababu mengi sio ujinga, ni Kiswahili kimevaa suti.

La kwanza ni "he" na "she". Sisi "yeye" ni yeye tu, awe mama awe baba, so mtu anasimulia mama yake mzazi "he is cooking". Hata walioishi nje wanateleza wakichoka. Dawa yake ni stori za familia, nyingi.

La pili ni ndiyo na hapana, na hili limenigharimu. Kiswahili ukiulizwa "hujala?" unajibu "ndiyo, sijala", unakubaliana na muulizaji. Kingereza hakifanyi hivyo, unajibu kufuata ukweli wenyewe: "No, I haven't." Mi nilikuwa kwenye intavyuu ya hoteli moja, nikaulizwa "So you've never been fired?" nikajibu "Yes!" kwa tabasamu zito. Mama wa watu akainua macho kutoka kwenye karatasi, akaniuliza tena, nikamwambia "Yes, yes" ili asiwe na wasiwasi. Kazi sikupata, labda kulikuwa na sababu nyingine lakini mi najua.

Alafu saa. Siku yetu inaanza jua likichomoza, yao usiku wa manane, tofauti saa sita. "Three o'clock" ni saa tisa, sio saa tatu. Ukiwa na miadi na mgeni rudia kwa namba na useme "in the afternoon" au "in the morning", usione aibu, kuna watu wameachwa na boti ya Zanzibar kwa ajili hii.

Kusikia nako kuna mambo. Kiswahili tunasikia baridi, tunasikia njaa, tunasikia harufu, tunasikia maumivu. Kwao "hear" ni ya masikio tu, baridi na maumivu ni "feel", harufu ni "smell", na njaa unasema "I'm hungry" basi. Kuazima pia kwetu ni moja kwenda na kurudi, kwao ukipewa ni "borrow" na ukitoa ni "lend", ukisema "borrow me your pen" ataelewa ila umechapia.

Na zile za adabu ndo tamu. Ukimwambia mtu "you are lost" ukimaanisha "umepotea sana", atatoa ramani. Sema "I haven't seen you in ages". Ukiinuka unaondoka ukasema "I'm coming" kama tunavyosema "nakuja", atakushangaa mgongo, sema "I'll be right back". Mtu akijikwaa ukasema "sorry" atakujibu sio kosa lako, maana kwao "sorry" sehemu kubwa ni kuomba radhi, na "pole" yetu kwa kweli hawana, utamwuliza tu "are you OK?". "Naomba chai" nayo ukiigeuza ikawa "give me tea" umekuwa mkorofi wakati Kiswahili ulikuwa mpole kabisa, sema "could I have some tea". Shikamoo sijapata jibu mpaka leo, achana nayo.

Kwa hiyo grama haina maana?

Ina maana, ila isome nyumbani ukiwa umetulia, ukiwa unaongea iache ikufuate. Ukitaka kuanza na kimoja anza na wakati uliopita, maana stori zote ni za jana. "Went, saw, told, said, took, came, got, left, paid, forgot", ukiwa na hizi kumi mdomoni unaweza kusimulia karibu siku nzima.

Lafudhi yangu mbaya, watu wataniona mshamba?

Lafudhi ya Kitanzania sio ugonjwa. Kinachosumbua ni kama mtu hakuelewi, na hapo kuna sehemu chache za kushughulikia tu. Sisi tuna irabu tano safi, Kingereza cha Uingereza kina sauti za irabu kama ishirini, ndo maana "ship" na "sheep" kwetu vinatoka kitu kimoja, na "hat", "hut" na "heart" vyote vinakuwa "hati". Chukua jozi moja kwa wiki uitumie kwenye stori zako, usikariri orodha.

Alafu mkazo. Kiswahili mkazo uko silabi ya pili kutoka mwisho, huhitaji hata kufikiri. Kingereza unahama hama, "PHOtograph" lakini "phoTOgrapher", na ukiukosea mkazo mgeni anaweza kupotea. Ukijifunza neno jifunze na mahali linapobonyezwa.

Ila kuna sehemu tumewazidi wengi. Wafaransa na Wajerumani wanahangaika na "think" na "this", sisi tunazo kutoka zamani: "think" ni ile th ya thelathini, "this" ni ile dh ya dhahabu. Sasa kama we ni wa kusema selasini na zahabu hapo ujue una kazi, na utapata faida mara mbili maana Kiswahili chako nacho kitanyooka. Wale wa kuchanganya l na r mnajijua, "rice" na "lice" ukiwa hotelini sio mzaha.

Kuiga Kimarekani puani siwashauri. Unatumia nguvu nyingi kwenye pua na huna cha kusema.

Naogopa kuchekwa

Najua. Wengine tulisoma shule ukiongea Kiswahili unavalishwa kibao shingoni mpaka umpate mwenzako wa kumwachia, na ukiongea Kingereza ukachapia darasa zima linakucheka, so dawa ya usalama ilikuwa kukaa kimya. Ukimya huo mtu anatoka nao mpaka ofisini ana miaka arobaini. Alafu sisi wenyewe ni wabaya, mtu akitupia Kingereza kwenye mkutano mnaanza kukonyezana "huyo anajifanya", akikosea mnarudia kosa lake wiki nzima.

Pale kwetu sheria ni moja, tunacheka stori, hatumcheki mtu. Ile ya kukalia mbuzi tulicheka wote na aliyeanza kucheka ni mwenyewe. Aliyewahi kumuigiza mwenzake lafudhi aliombwa akanywe kahawa pembeni, na alirudi akiwa na adabu.

Nikikosea nisahihishwe pale pale?

Hapana, utakatwa stimu. Msikilizaji akumbuke kosa moja au mawili tu, tena yale yaliyofanya asielewe, na akuambie ukimaliza. Njia nyingine nzuri ni kuuliza swali kwa usahihi: mtu akisema "yesterday I go to hospital", we uliza "oh, why did you go to hospital?" na mara nyingi atajibu "I went because…" bila hata kujua amesahihishwa. Ukianza kusahihisha kila sentensi umekuwa mtihani, na mtihani watu wameukimbia.

Niko mkoani na sina mtu wa kuongea naye

Mtafute mmoja. Kweli, mmoja anatosha, na sio lazima ajue kuliko we. Kubalianeni kutumiana voisi za WhatsApp za dakika moja kila siku, leo nimekula nini, nani kaniudhi, voisi haili bando sana. Raha ya voisi ni kwamba unaweza kujisikiliza, na utajichukia siku tatu za kwanza, ni kawaida.

Kama hata huyo mmoja hayupo, ongea na sufuria. Sitanii. Ukipika taja unachofanya, "I'm peeling the onions, the oil is too hot, who finished the salt?" Programu za akili mnemba kwenye simu siku hizi zinaongea pia na hazichoki wala hazikucheki, zitumie kujipasha moto, ila zina subira mno, hazikukati kauli kama binadamu, so usihamie huko moja kwa moja. Kwa kusikiliza, BBC wana vipindi vyao vya dakika sita vya wanaojifunza, ni bure. Sikiliza, zima, alafu simulia ulichosikia kwa maneno yako. Ukiishia kusikiliza utakuwa mtazamaji mzuri wa mpira ambaye hajawahi kugusa mpira, na muvi nazo ni hivyo hivyo.

Najiandaa na ule mtihani wa Kingereza wa IELTS, stori za vijiweni zitanisaidia?

Kuliko unavyodhani. Ile sehemu ya kuongea ni dakika 11 mpaka 14, na inaanza na maswali ya nyumbani kwako, kazi yako, unapenda nini, yaani yale yale ya kwetu. Sehemu ya pili unapewa kadi yenye mada, dakika moja ya kujiandaa, unaongea dakika moja mpaka mbili mwenyewe. Hapo ndo lile zoezi la nne tatu mbili linalipa. Ya tatu ni mjadala, inataka sababu na maoni, so hiyo ifanyie mazoezi yake. Majibu ya kukariri msahihishaji anayanusa, usipoteze hela.

Itachukua muda gani niwe natiririka?

Sitakudanganya na miezi mitatu kama matangazo ya kwenye nguzo. Inategemea unaongea dakika ngapi kwa wiki, sio umesajiliwa kozi lini. Angalia mapapasi wa Zanzibar, wale wanaotembeza watalii, au vijana wa Malindi kule Kenya wanaoongea Kitaliano, wengi hawakusoma darasani, wanaongea na wageni kutwa nzima kuhusu bei, bahari, samaki na wapi pa kula, na wanatiririka. Wapeleke kwenye barua rasmi ya ofisi watakwama, ni kweli, ila swali lilikuwa kuongea.

Ni bei gani kujiunga?

Bure. Kahawa na kashata kila mtu anajilipia, na ukiagiza agiza kwa Kingereza maana yule mzee muuza kahawa katusikiliza mwaka mzima, siku hizi akikuona anakuuliza mwenyewe, "One cup or you are still waiting salary?"